Kumjua Nyani kwa Nasaba Yake: Mwongozo wa Kupima na Kutunza Utofauti wa Kijeni katika Makundi ya Utafiti

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi hapa Nairobi, tulikuwa tumekwisha kuwagawa nyani kumi na wawili katika makundi mawili ya jaribio la chanjo, na zilibaki siku mbili tu kabla ya sindano ya kwanza, pale mzee aliyekuwa akiwalisha wanyama wale kwa zaidi ya miaka ishirini aliponisimamisha mlangoni.

"Daktari, samahani," aliniambia, "hao wanne uliowaweka upande huu ni wa baba mmoja."

"Umejuaje, Mzee?"

"Dume lao alikaa peke yake na majike wale misimu miwili. Daftari halina jina la baba kwa sababu hakuna aliyeuliza."

Vipimo vya vinasaba vilithibitisha kila neno lake, na ikatubidi tuyapange makundi upya. Lau tungeendelea, huenda tungeisifu au kuilaumu chanjo kwa jambo ambalo kwa kweli lilikuwa la ukoo, na nyani wale wangekuwa wametolewa kwa jibu lisilo sahihi. Tangu siku ile nimeshikilia kwamba nasaba ya mnyama ni kipimo kinachopaswa kuchukuliwa kabla ya uzito, kabla ya umri na kabla ya dawa yoyote. Mwongozo huu nimewaandikia watafiti chipukizi, madaktari wa mifugo na wasimamizi wa makundi yanayofugwa, ili kila mmoja ajue pa kuanzia.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo huwapotosha wengi. Panya wengi wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hata wakawa karibu kama pacha, na hivyo tofauti kati yao ni ndogo. Nyani, tumbili na kima hawako hivyo, wala hatupaswi kutamani wawe hivyo. Thamani yao katika utafiti wa malaria, kichocho, afya ya uzazi na chanjo inatokana na ukweli kwamba wanatofautiana wao kwa wao kama sisi binadamu tunavyotofautiana. Anayeiona tofauti hiyo kama uchafu wa kufagiliwa nje ya takwimu amepoteza nusu ya elimu aliyoijia. Kazi yetu ni kuijua tofauti hiyo, kuiandika, na kuhakikisha kwamba haipotei kwa uzembe.

Hatua ya 1: Mtambue mnyama uliye naye

Katika mazungumzo ya kila siku majina huchanganywa sana, na mtu anaweza kumwita kila mnyama mwenye mkia mrefu kima. Katika kazi hii usikubali. Nyani ni wa jenasi Papio. Tumbili ni wa jenasi Chlorocebus, na yule wa kwetu ni Chlorocebus pygerythrus. Kima ni Cercopithecus mitis, ambaye mkazi wa Nairobi humwona Karura au City Park akirukia matawi. Na mbega ni jamii nyingine kabisa. Andika jina la kisayansi katika kila fomu, kwa sababu jina la Kiswahili au la Kiingereza pekee halitamtosha mtafiti atakayesoma matokeo yako akiwa Brazili au Japani.

Jina la spishi nalo halitoshi, maana asili ya kijiografia ndani ya spishi moja inaweza kubadilisha matokeo kabisa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa makaki wa resasi, jamaa wa Asia wa nyani wetu, ambaye ametumika sana katika utafiti wa UKIMWI. India ilisitisha kuwasafirisha nje mwaka 1978, na vituo vingi vikaanza kutumia resasi wa Uchina. Ilibainika kwamba virusi vya SIV, ndugu wa VVU, kwa kawaida huzaana kwa kasi zaidi na kuleta ugonjwa mapema zaidi katika resasi wenye asili ya India kuliko wale wa Uchina, ingawa wote ni Macaca mulatta. Mtafiti aliyechanganya wa India na wa Uchina bila kuandika asili yao alikuwa akipima asili badala ya dawa.

Kwetu Kenya jambo hili liko mlangoni. Nyani wa anubis wanaishi magharibi na katikati ya nchi, na nyani wa manjano wanaishi upande wa mashariki hadi pwani, na pale mipaka yao inapokutana wanazaliana. Huko Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1971 katika mradi ulioanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann, hata wanyama ambao kwa macho ungewaita nyani wa manjano watupu wameonekana kubeba vinasaba vya anubis. Kwa hiyo rangi ya manyoya si ushahidi. Nyani aliyeletwa kituoni kutoka Kajiado na mwingine aliyetoka Laikipia wasihesabiwe kuwa sawa hadi vinasaba vyao viseme.

Hatua ya 2: Kamilisha vibali kabla ya kugusa chochote

Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, idhini ya kamati ya maadili na matumizi ya wanyama ya taasisi yako, na kibali cha mamlaka za wanyamapori ikiwa sampuli zinatoka kwa wanyama wa porini. Rasilimali za kijeni za nchi hii zinalindwa na kanuni za mwaka 2006 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na ukitaka kuzipeleka sampuli nje ya nchi utahitaji pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa nyani wote, pamoja na jamaa zao, wamo katika orodha zake. Anza mapema. Karatasi hizi huchukua muda mrefu kuliko kazi ya maabara yenyewe.

Hatua ya 3: Lijenge daftari la nasaba

Kabla ya kutumia shilingi moja katika maabara, kaa chini na kumbukumbu za kituo. Kwa kila mnyama andika namba yake, jinsia, tarehe ya kuzaliwa au ya kukamatwa, mahali alikotoka kwa undani uwezekanao, mama, baba anayedhaniwa, madume wengine waliokuwa katika uzio mmoja na mama wakati mimba ilipoingia, na makundi yote aliyowahi kuishi. Mimba ya nyani huchukua takribani miezi sita, hivyo hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuzaliwa, kisha uliza ni madume gani walikuwepo wakati huo.

Halafu uwaendee walezi wa wanyama. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: watu wanaobeba ndoo za chakula na kuosha vizimba wanajua mambo ambayo hayamo katika kompyuta yoyote. Waulize kwa heshima, waandikie majina yao katika kumbukumbu kama vyanzo vya taarifa, na wanaposema hawana hakika, andika kwamba hawana hakika. Mama hujulikana kwa kumwona mtoto akinyonya, japo hata hapo majike huweza kubebeana watoto. Baba, katika kundi lenye madume kadhaa, hajulikani kwa macho hata kidogo.

Hatua ya 4: Chukua sampuli kwa njia isiyomtesa mnyama

Kanuni yangu ni kwamba mnyama asitiwe usingizi kwa ajili ya vinasaba peke yake. Subiri uchunguzi wa kawaida wa afya, wakati daktari wa mifugo amekwisha kumlaza kwa ketamini kwa sababu nyingine, ndipo uchukue mililita chache za damu katika chupa yenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda. Ikiwa uchunguzi huo uko mbali, manyoya yenye mizizi au mate yaliyopanguswa ndani ya shavu yatafaa kwa vipimo vingi.

Kwa wanyama wa porini, kinyesi ndicho rafiki yako. Wafuate nyani alfajiri wanaposhuka kutoka kwenye miti au miamba walikolala, subiri hadi umwone mnyama unayemjua akijisaidia, kisha ukwangue kiasi cha punje ya njegere kutoka sehemu ya juu ya kinyesi, ambako chembe za utumbo huwa nyingi. Kihifadhi katika ethanoli kwa siku moja au zaidi kidogo, halafu ukihamishe kwenye chembe za silika zinazonyonya maji. Njia hii ya hatua mbili hulinda vinasaba vyema hata pasipo na umeme wa jokofu.

Vaa glavu na barakoa, hata kama umefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda hadi Ulaya waliwaambukiza wafanyakazi wa maabara huko Marburg, Frankfurt na Belgrade ugonjwa ambao haukuwa umejulikana. Watu 31 waliugua na 7 wakafariki. Kifua kikuu nacho huvuka pande zote mbili, kutoka kwa binadamu kwenda kwa nyani na kurudi, hivyo barakoa yako inamlinda mnyama pia.

Hatua ya 5: Chagua kipimo kinacholingana na swali

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa watu huchagua mashine kwanza kisha wakaitafutia swali.

Ikiwa swali lako ni baba wa mtoto huyu ni nani, maikrosatelaiti zinatosha. Hizi ni sehemu za vinasaba zinazojirudia mara nyingi, na idadi ya marudio hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama. Kumi na tano zilizochaguliwa vizuri aghalabu humtenga baba wa kweli na madume wengine wa uzio, isipokuwa pale madume hao ni ndugu, ambapo utahitaji zaidi. Unapotumia kinyesi, rudia kila PCR, yaani kipimo cha kuzidisha vinasaba, mara kadhaa, kwa sababu vinasaba vilivyochakaa mara nyingi huonyesha aleli moja (aina mojawapo ya sehemu ileile ya vinasaba) na kuificha ya pili, na ukiamini matokeo ya mara ya kwanza utamkataa baba halali.

Ikiwa swali ni ukoo wa mnyama ulitoka wapi upande wa kuukeni, soma vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Kumbuka tu kwamba majike wa nyani hubaki katika kundi walimozaliwa na madume ndio wanaohama, hivyo mitokondria husimulia habari za mahali pamoja kwa usahihi mkubwa lakini hunyamaza kuhusu madume waliotoka mbali. Usitoe hukumu ya uchotara kwa mitokondria peke yake.

Ikiwa swali ni mchanganyiko wa spishi, undugu wa mbali au jeni zinazohusiana na ugonjwa, nenda kwenye alama za herufi moja zilizotawanyika katika kromosomu zote, au usome jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama. Hapa Nairobi kazi ya namna hiyo inawezekana. Maabara za jenomu zilizoko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Kabete, zimewafunza watafiti wengi wa Afrika Mashariki na Kati. Ila angalia jenomu rejea unayoilinganisha nayo. Ile ya tumbili iliyochapishwa mwaka 2015 ilitoka kwa Chlorocebus sabaeus wa visiwa vya Karibiani, uzao wa tumbili waliochukuliwa Afrika Magharibi karne ya 17, wala si tumbili wa kwetu. Vipande vya vinasaba vya tumbili wa Kenya vinavyotofautiana sana na rejea hiyo vinaweza kuachwa nje na programu, nawe ukadhani tofauti hiyo haipo.

Ikiwa utafiti wako unahusu kinga ya mwili, usikwepe jeni za MHC, ambazo huwezesha kinga kutambua vijidudu. Katika resasi, wanyama wenye aleli za Mamu-B*08 au Mamu-B*17 wana nafasi kubwa zaidi ya kuvizuia virusi vya SIV bila dawa yoyote. Ukiwaweka wengi wao katika kundi lililochanjwa, umeipa chanjo sifa isiyo yake. Mfano wa kinyume unatoka Mauritius: makaki wa kisiwa hicho walitokana na waasisi wachache walioletwa na mabaharia karne kadhaa zilizopita, na leo karibu wote wanabeba nakala za MHC kutoka katika seti saba tu. Kwa mtafiti wa chanjo hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu anaweza kuwapata wanyama wanaofanana kwa seti hizo. Lakini nafuu hiyo ina bei: chanjo iliyofaulu kwa seti saba haijathibitishwa kwa umma wa watu wenye maelfu ya aleli.

Hatua ya 6: Piga hesabu, na uzielewe kabla ya kuziamini

Kipimo cha msingi ni uwezekano kwamba aleli mbili zilizookotwa bila kuchagua katika kundi zitatofautiana. Jumlisha mraba wa kiwango cha kila aleli, kisha utoe jumla hiyo katika moja. Ikiwa mahali fulani katika vinasaba pana aleli tatu zenye viwango vya 0.5, 0.3 na 0.2, mraba wake ni 0.25, 0.09 na 0.04, jumla ni 0.38, na utofauti unaotarajiwa ni 0.62. Ikiwa baada ya vizazi kadhaa zimebaki aleli mbili tu, moja ikiwa na 0.9 na nyingine 0.1, utofauti huo umeshuka hadi 0.18. Fanya hivyo kwa kila alama na uchukue wastani. Ili viwango hivyo viaminike, jitahidi upate angalau wanyama 25 hadi 30 kutoka kila kundi la asili.

Kisha linganisha na hali halisi, yaani sehemu ya wanyama ambao kweli wana aleli mbili tofauti. Ikiwa ulitarajia 0.62 na umepata 0.50, gawanya 0.50 kwa 0.62 na utoe jibu katika moja. Utapata takribani 0.19. Wengi hukimbilia kusema kwamba ndugu wanazaliana. Inawezekana. Lakini upungufu uleule hutokea ikiwa umewachanganya katika hesabu moja wanyama wa asili mbili tofauti, au ikiwa kipimo chako kinashindwa kuziona baadhi ya aleli. Rudi kwenye daftari la nasaba kabla ya kutangaza.

Hesabu ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa humzindua msimamizi haraka. Idadi ya wazalishaji inayofaa kijeni hupatikana kwa kuzidisha nne kwa idadi ya madume na idadi ya majike wanaozaa, kisha kugawanya kwa jumla yao. Majike 20 na madume wanne wanaozaa sawasawa huleta takribani 13. Majike wale wale 20 wakizalishwa na dume mmoja mbabe, idadi hiyo huanguka hadi chini ya nne. Kwa macho kundi linaonekana kubwa na lenye afya, ilhali linapoteza asilimia 13 hivi ya utofauti wake kwa kila kizazi, badala ya chini ya asilimia 4.

Hatua ya 7: Gawa makundi ya jaribio kwa kuzingatia undugu

Andaa jedwali la undugu wa kila wawili. Mzazi na mtoto, au ndugu wa baba na mama mmoja, wana mgawo wa undugu wa 0.25, ndugu wa baba mmoja na mama tofauti wana 0.125. Watoto wa dume mmoja watawanye katika makundi yote ya jaribio kwa idadi inayolingana, vivyo hivyo wenye asili moja ya kijiografia na wenye aleli za MHC zinazojulikana kuathiri ugonjwa unaouchunguza. Baada ya hapo ndipo upige kura ndani ya kila fungu, na anayepima matokeo asijue mnyama yupi yuko kundi gani.

Wakati wa kuchambua, mwombe mtaalamu wa takwimu aingize jedwali la undugu katika modeli. Nyani sita ambao ni ndugu hawatoi taarifa huru kama nyani sita wasiohusiana, na kuwahesabu kama huru hukupa uhakika wa uongo. Kwa tumbili, pima pia SIV kabla ya kuanza. Virusi hivyo ni vya kawaida kwa tumbili wazima wa porini, nao kwa kawaida hawaugui, hivyo hutavitambua kwa kumtazama mnyama.

Hatua ya 8: Tunza utofauti wa kundi linalofugwa

Kwa kila mnyama piga wastani wa undugu wake na wanyama wote wengine walio hai kituoni. Wenye wastani mdogo ndio wanaobeba aleli adimu, na hao wapewe nafasi ya kuzaa kwanza, na wasipelekwe katika jaribio la mwisho wa maisha kabla hawajaacha uzao. Badilisha madume baada ya miaka michache, lakini usiwatawanye majike. Vyeo vyao na urafiki wao ndio uti wa kundi, na kuwavuruga huleta mapigano na majeraha.

Kukamata madume wapya porini kuwe suluhisho la mwisho. Kubadilishana madume na kituo kingine ni bora zaidi, mradi wametoka katika asili ileile, wamekaa karantini, na wamepimwa kifua kikuu. Kuleta dume wa manjano katika kundi la anubis kutapandisha namba za utofauti katika jedwali lako, lakini kutalifuta kundi ulilokuwa ukilitunza.

Hatua ya 9: Andika na uhifadhi

Katika ripoti taja jina la kisayansi, asili, njia iliyotumika kuthibitisha nasaba, kiwango cha undugu ndani ya makundi, na aleli muhimu ikiwa zilipimwa. Miongozo ya ARRIVE ya kuripoti utafiti wa wanyama, iliyohuishwa mwaka 2020, inadai maelezo ya chanzo na sifa za kijeni za wanyama, na mhakiki makini atakuuliza.

Mnyama anapokufa, kwa jaribio au kwa uzee, chukua kipande kidogo cha ini au misuli siku hiyohiyo na ukihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kikiwa na namba ileile iliyo katika daftari la nasaba, kisha weka nakala ya daftari hilo mahali pawili tofauti. Sampuli isiyo na namba inayosomeka haitamsaidia yeyote, hivyo andika kwa kalamu isiyofutwa na ethanoli, na umwombe mtu wa pili aisome kwa sauti kabla jokofu halijafungwa.